Kemia ya Ubaoni na Kompyuta ya Karatasi

Mbodze alikuwa akikuna nazi tangu alfajiri. Beseni moja limejaa, la pili limefika nusu. Aliuza mafuta ya nazi hapo Msambweni, na wateja walimjua kwa sababu mafuta yake hayakuwa na harufu ya moshi. Alilichemsha tui polepole, mafuta yakaelea, naye akayaengua bila haraka.

Pembeni yake, kwenye mkeka, binti yake Sidi alikuwa akigongagonga karatasi kwa vidole.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Napiga kompyuta, mama."

Mbodze akaacha kukuna. Akatazama vizuri. Ilikuwa karatasi ya manila. Ilikuwa imechorwa visanduku kwa wino mzito, na ndani ya kila kisanduku mna herufi moja.

"Hii ndiyo kompyuta?"

"Hiki ni kibodi, pale pa kuandikia. Mwalimu anasema vidole vikizoea karatasi, mashine haitatusumbua."

"Na mashine zenyewe ziko wapi?"

"Ziko chuoni. Zimefunikwa leso."

"Zimefunikwa, zinaumwa?"

Nyanya yake Sidi, Bi Jumwa, alikuwa amekaa mlangoni akisaga ugoro. Akacheka mpaka ugoro ukamwagika. "Labda zimeolewa majuzi," akasema. "Bado ziko ndani."

Sidi naye akacheka. Mbodze hakucheka.

Chuo hicho kilikuwa cha jamii, kando ya barabara ya Ukunda. Kilijengwa kwa misaada ya watalii waliokuja kupumzika Diani. Kilikuwa na kibao kikubwa mlangoni, kinachosema hapa panafundishwa kemia ya mwanzo na kompyuta ya mwanzo. Miaka ile kompyuta zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia Kwale. Hoteli zilikuwa nazo. Wazazi wengi walikuwa hawajagusa hata moja, na kwa hiyo walipoona kibao, waliamini kibao.

Mbodze alimpeleka Sidi huko kwa sababu moja. Mumewe, Mwinga, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Siku moja alirudi nyumbani na habari.

"Mkuu wa dobi pale hotelini, wanapofulia mashuka, atahitaji msichana wa kukaa stoo ya sabuni na dawa," Mwinga alisema. "Awe anajua dawa ipi haikai na ipi. Tena mali ya stoo inaandikwa kwenye kompyuta. Lakini huyo mama hataki cheti. Anakuweka mbele ya kitu, anakwambia fanya, nione."

Basi tangu siku hiyo Mbodze alikuwa na swali moja kichwani. Je, Sidi atajua kufanya? Au atajua kusema tu?

Ile karatasi ya manila ilimtia wasiwasi. Akamwuliza binti yake tena.

"Hizo mashine, mmewahi kuzigusa?"

Sidi akasita kidogo. "Mara moja. Walikuja wageni waliotoa msaada. Leso zikaondolewa. Tukaambiwa tukae, tuweke vidole hivi, tutabasamu. Tukapigwa picha."

"Ziliwaka?"

"Hapana, mama. Wageni walipoondoka, zikafunikwa tena."

"Na kemia?"

"Kuna kabati la vioo, lina chupa nzuri nzuri. Lina kufuli. Sisi tunanakili ubaoni."

"Mnanakili tu?"

"Mama, maneno si ni yale yale?"

Mbodze akarudi kwenye nazi zake. Moyoni alijua kuna kasoro. Hakuna mtu aliyejifunza kukuna nazi kwa kuichora. Lakini alinyamaza. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba. Aliona haya. Angemwambia nini mkurugenzi wa chuo, mtu wa tai na viatu vya kung'aa?

Hapo ndipo alipokosea Mbodze. Na wazazi wengi hukosea hapo hapo.

Jumamosi moja Sidi alikuja na rafiki yake wa chuoni, Munee. Wazazi wa Munee walikuwa Wakamba waliohamia Shimba Hills kulima. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye mzaha.

"Shikamoo mama," Munee akasema.

"Marahaba mwanangu. Za huko juu?"

"Nzuri. Leo tumekuja kukutajirisha. Haya mafuta yako tutayageuza sabuni."

Sidi akatoa pakiti ya kostiki waliyonunua dukani. Ilikuwa na chembe nyeupe, kama chumvi ya mawe. Kwa kweli sabuni hutengenezwa hivyo, kwa mafuta na kostiki. Ubaoni waliandikiwa hivyo. Lakini ubaoni hawakuandikiwa kwamba kostiki hula ngozi. Hula hata jicho.

"Hamfungi kitu mikononi?" Mbodze akauliza.

"Mama yangu, sisi ni wanakemia," Munee akajibu. "Mwanakemia haogopi chumvi."

Wakachukua sufuria ya aluminiamu, ile ya pilau, kama ambavyo nyumba yoyote ya Msambweni ingefanya. Wakamwaga kostiki ndani. Kisha Sidi akachota maji, akayamimina juu yake.

Kwanza kukawa kimya. Halafu sufuria ikaanza kuvuma. Ikatoa mapovu na mvuke unaokwaruza koo.

"Mbona inachemka na hamjawasha moto?" Bi Jumwa akauliza.

"Ndiyo kemia hiyo, nyanya," Sidi akasema kwa fahari. Akainama atazame.

Maji yale yakaruka. Yakampata mkononi, shavuni, na ndani ya jicho la kulia. Sidi akapiga ukelele, akaanguka magotini, ameshika uso.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kila mtu pale uani alikuwa na dawa yake, na kila dawa ilikuwa mbaya.

Munee alikimbilia kapu la ndimu. "Asidi hutuliza besi," alikuwa akisema huku analia. "Tuliandika. Kostiki ni besi, ndimu ni asidi." Akakata ndimu, akaikamua juu ya mkono wa mwenzake. Sidi akalia zaidi. Munee akakata ya pili, akaisogeza jichoni.

Mbodze alikuwa ameshainua ndoo ya maji. Bi Jumwa akamzuia. "Usimtie maji mtu aliyeungua," akasema. "Utamwotesha malengelenge. Mpake mafuta." Ndivyo walivyofanya wazee wake huko Kinango, na ndivyo Mbodze mwenyewe alivyofanyiwa utotoni. Akabaki amesimama na ndoo mikononi, hajui amsikilize nani, na mtoto analia.

Nyumba ya pili alikaa Mwalimu Kathini, aliyefundisha kemia katika shule ya sekondari ya wasichana. Alisikia ukelele, akaruka ua wa makuti. Akaona sufuria inavyovuma. Hakuuliza kitu. Aliipiga kofi ile ndimu ikaruka huko.

"Maji, Mama Sidi. Mimina. Usiache kumimina."

"Ataota malengelenge," Bi Jumwa akasema.

"Nisamehe, mama. Lengelenge litapona. Jicho likiliwa halirudi."

Mwalimu akamlaza Sidi kwa ubavu, jicho lililoumia likawa upande wa chini, ili maji machafu yasiingie katika jicho zima. Akalifungua kwa vidole. Mbodze akamimina. Ndoo ikaisha, akachota mtungini. Mtungi ukaisha, majirani wakaleta madumu. Mwalimu akaichana blauzi ya Sidi iliyolowa kostiki, akaitupa mbali. Wakamimina maji zaidi ya nusu saa. Munee ndiye aliyekuwa akikimbilia madumu. Kisha wakampeleka hospitali, na njia nzima Mwalimu alikuwa akimmiminia maji ya chupa.

Daktari alilipima jicho kwa muda mrefu. Akageuka.

"Nani aliyemwosha?"

"Sisi," Mbodze akasema.

"Mmeliokoa. Litakuwa jekundu, litamuuma, lakini ataona. Mkono utabaki na kovu. Pale palipotiwa ndimu pameungua zaidi."

Munee, aliyekuwa amekaa sakafuni, akajifunika uso.

Nje, kwenye benchi, Munee alimfuata Mwalimu Kathini. "Mwalimu, mbona tuliandika? Asidi hutuliza besi. Si uongo."

"Si uongo," Mwalimu akasema. "Ndani ya chupa, ukipima tone kwa tone, ni kweli. Lakini zikikutana hutoa joto. Juu ya ngozi, joto hilo linakwenda wapi? Umemchoma mara ya pili. Na ndimu yenyewe huchoma kidonda. Maji hupoza, tena huichukua ile kostiki ikaondoka nayo. Kwa hiyo kostiki ikimpata mtu, ni maji mengi, kwa muda mrefu, halafu hospitali. Si ndimu, si mafuta, si dawa ya meno."

"Na ile sufuria?" Mbodze akauliza. "Nilidhani jini limeingia."

"Kostiki hula aluminiamu, Mama Sidi. Ikila, hutoa hewa inayoshika moto. Namshukuru Mungu jiko lako lilikuwa mbali. Kostiki huwekwa kwenye ndoo ya plastiki nzito. Unatanguliza maji baridi, halafu unatia kostiki kidogo kidogo, unakoroga. Usimwage maji juu ya kostiki hata siku moja. Tena uwe nje penye upepo, umevaa glavu na miwani, na watoto wasikaribie."

"Haya ni mambo magumu sana kujua?"

"Ni somo la siku ya kwanza. Hufundishwa kabla chupa haijafunguliwa."

"Sisi hatukufunguliwa chupa," Munee akasema. "Hata siku moja."

Mwanzo Mbodze alikuwa na hofu. Sasa hofu ilikuwa inaondoka, na kitu kingine kinakuja mahali pake. Alifikiria lile kabati lenye kufuli. Alifikiria zile mashine zinazovuliwa leso wageni wakija. Mtoto wake amefanywa pambo la picha. Amejazwa maneno nusu, akaachiwa aende nyumbani akajichome nayo. Na yeye mama yake alikuwa na shaka tangu mwanzo, akaimeza kwa sababu ya haya.

"Mwalimu," akasema, "nikienda pale niulize nini?"

"Waambie wakuonyeshe. Usikubali kuelezwa."

Jumatatu Mbodze alivaa leso yake ya kutokea, akaenda Ukunda. Bi Jumwa akasema hakai nyumbani, na akikatazwa ataenda kwa miguu. Wakaenda wote wawili.

Mkurugenzi, Bwana Waziri, aliwapokea vizuri. Aliwapa viti. Alisema amesikitika.

"Lakini muelewe, ajali ilitokea nyumbani," akasema. "Haikutokea chuoni."

"Chuoni ingetokeaje?" Mbodze akajibu. "Chuoni hakuna kinachofunguliwa. Nionyeshe pale wanapojifunzia kemia."

"Mama, kuna utaratibu."

"Nionyeshe huo utaratibu, niutazame."

Bwana Waziri akacheka kidogo, kwa pua. "Samahani, mama. Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba," Mbodze akasema. "Linatosha kujua kwamba karatasi si kompyuta."

Wanafunzi walikuwa wamesogea mlangoni. Mmoja akakohoa kuzuia kicheko. Bwana Waziri akawatazama, hawakuondoka.

Wakaenda chumba cha kemia. Kabati lilikuwepo, chupa zimepangwa kama vikombe vya harusi. Hakukuwa na bomba la maji humo ndani. Hakukuwa na miwani wala glavu.

"Ufunguo uko wapi?" Mbodze akauliza.

"Ninao mimi. Vitu hivi ni vya wafadhili. Watoto wataviharibu, halafu nitajibu nini?"

"Kwa hiyo chupa ziwe salama, mwanangu aungue."

Bwana Waziri akatangulia kutoka. Wakaingia chumba cha kompyuta. Bi Jumwa hakungoja kuambiwa. Akaivua leso mashine ya kwanza, akapita nyuma yake, akainama.

"Baba, kitu hiki hula umeme, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Waya wake uko wapi?"

"Uko ofisini. Tunazihifadhi waya."

"Zote?"

"Zote."

Bi Jumwa akaikunja ile leso taratibu, akamkabidhi mkononi. "Hata sisi tusiojua kusoma," akasema, "tunajua kukasirika."

Mbodze akageuka kwa wanafunzi. "Nani kati yenu amewahi kuiona hii ikiwaka?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wengine walikuwa wanakaribia kumaliza kozi. Walikuwa watoto wa wavuvi wa Funzi, watoto wa wakulima, wasichana waliotoka Vanga kwenye barabara mbovu na kupanga chumba Ukunda ili wasome. Walitazama chini, kana kwamba wao ndio wenye aibu.

"Inueni vichwa," Mbodze akawaambia. "Aibu si yenu."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisi ya elimu ya wilaya, Kwale. Alisubiri kwenye benchi mpaka akaingizwa. Alieleza mambo aliyoyaona kwa macho yake, bila kuongeza chumvi. Wiki hiyo hiyo mkaguzi alifika chuoni bila kutangaza. Alikuta leso ziko juu ya mashine na kufuli liko kwenye kabati. Alimwambia Bwana Waziri aitaje kamati ya wazazi, maana chuo cha jamii lazima kiwe nayo. Kamati ilikuwa ni Bwana Waziri, shemeji yake, na mlinzi.

Basi masomo yalisimamishwa mpaka mambo yarekebishwe. Wazazi waliitwa mkutano, wakachagua kamati yao, na Mbodze akawemo. Wengine walinung'unika. "Umetufungia chuo," mzee mmoja alimwambia. Mbodze akamjibu kwamba chuo kilikuwa kimefungwa tangu zamani, ila mlango ndio ulikuwa wazi. Bwana Waziri hakufukuzwa. Lakini funguo hazikukaa mfukoni mwake tena.

Bomba la maji liliingizwa chumba cha kemia. Glavu na miwani vikanunuliwa. Waya zikatolewa ofisini, fundi akazipachika, na mashine zikawaka, isipokuwa mbili ambazo panya walikuwa wamezila ndani. Akaletwa mwalimu aliyesomea kazi, na Mwalimu Kathini akawa anakuja Jumamosi kusaidia. Somo la kwanza lilikuwa la maji. Walifundishwa kumwosha mtu aliyemwagikiwa, wakashikana wawili wawili, wakafanya. Walifundishwa kusoma maandishi ya chupa, na kutotia dawa kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto akiona chupa ya soda hunywa.

Sidi alianza upya. Mkono wake ulikuwa na kovu kutoka kiwiko mpaka kifundo. Ile nafasi ya dobi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Usiseme hilo ni jambo dogo. Miezi aliyopoteza hakuna aliyemrudishia, na hakuna aliyemwomba radhi.

Mwaka uliofuata mkuu wa dobi alitafuta msichana tena. Sidi akaenda. Yule mama akamketisha mbele ya kompyuta, akamwambia aandike mali yote ya rafu ya juu. Sidi akaandika, akahifadhi, akazima mashine inavyotakiwa. Kisha yule mama akaleta madumu mawili.

"Hii ni dawa ya kung'arisha mashuka," akasema. "Hii ni asidi ya kusafishia choo. Choo cha wafanyakazi kina madoa sugu. Zichanganye, zipate nguvu."

"Hapana, mama," Sidi akasema.

"Hapana vipi? Nimekutuma."

"Zikichanganywa hutoa hewa ya sumu. Itatuua humu stoo. Nitatumia moja tu. Nyingine nitairudisha rafu ya mbali."

"Walikuja wasichana wengine kabla yako," yule mama akasema. "Wana vyeti vizuri. Wawili walikuwa wameshashika kifuniko, nikawazuia." Akachukua yale madumu mwenyewe, akayatenga. "Njoo Jumatatu."

Sidi sasa yuko stoo ya dobi, na Munee anafundisha wanawake wa Shimba Hills kutengeneza sabuni. Humwambii Munee kitu kuhusu glavu. Asiyevaa hufukuzwa.

Juzi mwanamke mmoja aitwaye Mangi alikuja kwa Mbodze. Anataka kumpeleka binti yake chuo hicho hicho. Aliuliza kama ni kizuri.

"Walimu wazuri?" Mangi akauliza. "Jengo zuri?"

"Jengo lilikuwa zuri siku zote," Mbodze akasema. "Mtoto akirudi jioni, usimwulize amefundishwa nini. Mwulize leo amegusa nini. Akikwambia hakugusa kitu, vaa leso yako uende. Usione haya."

"Na wakinidharau?"

"Watakudharau. Wewe kaa palepale."

Mangi alimwandikisha binti yake. Siku ya kwanza ya kemia, Mbodze mwenyewe alikwenda na binti huyo mpaka mlango wa chumba. Mlinzi akamletea kiti. Mbodze akamshukuru, akakataa. Alisimama hapo mpaka msichana wa mwisho alipovaa miwani na maji yakasikika yakitoka bombani. Ndipo akarudi Msambweni kwenye nazi zake.